Kichwa cha Kwanza Siku ya Kunyoa

Eti mtu wa miaka thelathini na moja hawezi kustaafu. Nani kakwambia? Umeandika kwenye grupu la vinyozi, watu wote wanaona, "Mzee mstaafu anatutisha," na vikatuni vya kucheka umeweka sita. Dogo, nilishika kichwa cha kwanza nina miaka kumi na minne, nimeacha nina thelathini. Miaka kumi na sita nimesimama. Karani anastaafu akiwa amekaa muda wote na hakuna anayemcheka.

Umesema umepata kazi nono. Alhamisi unakwenda Issuna kunyoa ukoo mzima wa marehemu Mzee Njiku, vichwa arobaini kwa siku moja. Mimi nikakujibu neno moja tu: uliza kwanza nani anaanza. Ukacheka. Sasa leo nitaandika mpaka kidole kiume, na ninyi wengine mnaoshika mashine, kuanzia Singida Mjini mpaka huko Kiomboi, someni pia. Ukoo huo naujua. Wembe wangu ulishapita pale. Njiku huyo aliyekufa, mara ya mwisho ukoo wake unanyoa, mimi ndiye niliyemwanza, nikamnyoa wa kwanza. Sikupaswa kumwanza.

Tuanze na kazi yenyewe, maana mnadhani kazi ni mashine.

Mimi sikufundishwa na mtu. Mama yangu ni Mnyiramba wa Kinampanda, alikwenda Issuna kulima vibarua vya alizeti nikiwa darasa la tano, tukapanga chumba kwa mzee mmoja wa Kinyaturu anaitwa Ntandu. Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa, nikawa nazurura. Siku moja Babu Ntandu akaniona navunja wembe nusu, naufunga kwenye kitana kwa uzi, nataka kumnyoa mbuzi.

Akaniuliza, "Mbuzi amekukosea nini?"

"Najifunza unyozi, Babu."

"Njoo hapa." Akavua kofia. "Kichwa hiki hakina mchumba. Jifunzie."

Miezi sita, kila Jumamosi. Nilimkata juu ya sikio la kushoto, kovu lipo mpaka leo. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Hapo umefika. Sasa rudi." Pale ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna video itakuonyesha: ngozi ya kichwa cha mzee hailali kama yako. Inakunjamana. Lazima uivute kwa kidole gumba cha mkono wa pili, taratibu, kuelekea nyuma, na maji yawe ya vuguvugu. Ukikimbia na wembe bila kuvuta, unachana. Na ukishavuta hivyo, utasikia mishipa inapiga chini ya kidole. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo wake wote, ila akiogopa utamsikia pale.

Kwa hiyo mtu akimsema vibaya Babu Ntandu mbele yangu, tunapigana. Ilishatokea stendi, wapo wanaokumbuka.

Nilipohamia mjini nikafungua kibanda karibu na soko, ndipo nikajua kwamba umri kila mtu anautazama na macho yake. Dogo, hili uliweke kichwani kuliko namba za mashine.

Alikuja mama mmoja wa Kizungu, mgeni wa hospitali moja ya misheni huko vijijini, Kiswahili anajua. Nywele nyeupe pee kama pamba. Mimi kwa heshima zangu zote nikasema, "Shikamoo Bibi, karibu." Akakauka mlangoni. "Kwani naonekana bibi?" Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti kubwa. Akasema ana miaka sabini na bado ni kijana, na nimpunguze vizuri ili aonekane hivyo. Wateja wangu walitoka nje kucheka. Mimi niliogopa, nilijua nimetukana, sikujua nimetukana nini.

Jumatatu iliyofuata akaja jamaa mmoja, hana hata miaka arobaini, ametumwa kuwa mshenga wa rafiki yake huko Mkalama. Kidevuni ana mvi mbili. Nikaleta mkasi. Akanishika mkono. "Hizo mbili usiziguse. Hizo ndizo zinazokwenda kuongea."

Mzee mmoja Mbarbaig, fimbo mkononi, alikaa kwenye kiti, akaniuliza, "Umeoa?" Nikasema bado. Akasimama, akachukua fimbo yake. "Kichwa changu kina wajukuu. Hakishikwi na mtoto." Akaondoka zake na nywele zake.

Halafu kulikuwa na Muhindi mmoja wa duka la vitambaa. Yeye alijua siku aliyozaliwa mpaka saa. Kwao iliandikwa, na mnajimu akaisoma, akawaambia wazazi wake atakaa duniani miaka mingapi. Nikamuuliza kama haogopi kujua hivyo. Nilikuwa nimewahi kumsimulia mambo ya Issuna, basi akanitazama kwenye kioo akasema, "Kijana, mimi naogopa kwa saa. Ninyi mnaogopa kwa foleni. Nani ana nafuu?"

Sasa niwaambie hiyo foleni.

Ukoo wa Babu Ntandu, mtu mzima akifa, siku ya nne wananyoa. Wananyoa wote, wanaume kwa wanawake kwa watoto, uani kwa marehemu. Na wa kwanza kukaa kwenye kigoda ni mkubwa wa ukoo aliyebaki. Sisemi Wanyaturu wote, nasema ukoo ule. Zamani ilikuwa heshima tupu. Ukianzwa kunyolewa, basi nyama unaanza wewe, pombe ya mtama unaonja wewe, binti akiposwa unaulizwa wewe kwanza. Ila kadiri miaka ilivyokwenda, watu wakahesabu. Aliyeanzwa msiba huu, msiba unaofuata ni wake. Mara ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu hivyo.

Najua utasema nini. Utasema, aisee, mkubwa ndiye anayekufa, hapo ajabu iko wapi? Mimi pia nilisema hivyohivyo. Nilisema nikiwa mjini nakula chipsi.

Mwaka jana, msimu wa kuvuna alizeti, akafa Mzee Samweli, kaka yake Babu. Yeye ndiye aliyeanzwa mara ya mwisho. Wakabaki wazee wawili tu wa rika la juu: Babu Ntandu na binamu yake Njiku. Nani mkubwa? Hakuna cheti. Ukiwauliza wenyewe wanakwambia, "Uhuru ulitukuta jandoni," basi, wote wawili jando moja. Na kinyozi wa ukoo macho yalishakwisha, wakasema aitwe yule mtoto wa Mnyiramba aliyekulia hapa. Ndiyo mimi.

Siku moja kabla ya kunyoa, saa nne asubuhi, namwona Babu Ntandu kwenye mlango wa kibanda changu mjini. Amevaa koti la msibani.

"Shikamoo Babu! Msiba umeuacha na nani?"

"Marahaba. Nimefuata sukari." Akakaa. Sukari hakuuliza. Akatazama ile rafu ya rangi. "Hii nyeusi. Nitie."

Nikacheka. "Babu, umechumbia matangani?"

Hakucheka. "Nitie, mjukuu wangu. Nipunguze kidogo."

"Babu, kesho si unanyolewa? Utatia rangi nywele za kulala nazo siku moja?"

"Ni hiyo siku moja ninayoitaka."

Nikavuta ngozi ya paji kidogo nipake mafuta ya kuzuia rangi, na hapo chini ya kidole nikamsikia. Dogo, mishipa ya yule mzee ilikuwa inapiga kama kuku aliyeshikwa. Mtu aliyenipa kichwa chake nikikate bila kulia. Mtu aliyefukuza fisi kwa mwenge zizini, mama yangu anashuhudia. Nikakoroga rangi.

Na nisikieni, rangi hiyo usimpake mtu kabla hujamjaribu nyuma ya sikio na ukasubiri, maana wapo wanaovimba uso mpaka macho yanaziba. Mimi nilimpaka hivihivi, kwa haraka, na yeye akakataa kukaa muda wa kuoshwa vizuri kwa sababu gari la kurudi lilikuwa linajaza. Makosa mawili kwa kichwa kimoja, na ni kichwa ninachokipenda.

Kesho yake nafika Issuna nakuta jua kali, watu wamejaa uani, na Babu Ntandu amekaa kati ya wanaume, kichwa cheusi tii na nyusi nyeupe. Jasho linamtoka, na jasho lenyewe jeusi, linashuka shingoni linaingia kwenye kola. Watu wanatazama chini wasicheke msibani. Dada yake, Bibi Salome, ndiye aliyesema.

"We Ntandu, umenyeshewa na masizi?"

Wanawake wakafunika midomo kwa khanga.

Mzee wa mji, yule anayesimamia msiba, akauliza nani aanze. Njiku akasema, "Ntandu." Babu akasema, "Njiku." Wakaanza kutupiana. Nani aliota meno kwanza, nani aliota ndevu kwanza. Vijana wakaona ni vituko. Mimi niliyekuwa nimesimama na beseni niliona mikono yao. Yote minne ilikuwa imeng'ang'ania magoti.

Bibi Salome akachoka. "Niliwabeba wote wawili mgongoni kwangu. Ntandu alikuwa anakimbiza kuku Njiku bado anatambaa. Ntandu ni mkubwa. Na kama mnaogopa kigoda, nianzeni mimi, mimi ndiye mkubwa wenu wote."

"Mwanamke haanzi," wakasema wanaume, kama watu wanaofukuza nzi. Na mzee wa mji akafunga mjadala: "Tumesikia. Ni Ntandu. Kinyozi, anza."

Babu akanitazama. Macho tu. Mimi macho yale ndiyo yaliyonilea, sasa ningefanyaje? Njiku alikuwa amekaa karibu na mimi zaidi, amekwishavua kofia kwa ajili ya joto. Nikajifanya mjinga wa mjini. Nikachovya maji, nikamgeuza Njiku, nikavuta ngozi kwa gumba, nikapitisha wembe katikati ya utosi. Mstari mmoja, kutoka paji mpaka kisogoni.

Uwanja mzima uligeuka kutazama. Mpaka watoto. Nywele nyeupe zilianguka kwenye paja lake, akaziokota, akazitazama.

"Kijana," akasema polepole. "Umeanza na mimi?"

"Samahani Babu, nilidhani... nimechanganya."

"Umechanganya." Mkono wake ukapanda, ukagusa ule mstari. Chini ya gumba langu palikuwa panapiga, panapiga, halafu pakatulia ghafla, kama mtu aliyeamua. "Haya maliza. Nywele hazirudishwi."

Nikamaliza. Babu nikamnyoa wa pili. Sikumtazama usoni. Niliona tu rangi yangu inamtoka inaingia kwenye maji, beseni zima likawa jeusi.

Nilidhani nimemwokoa, nawaambia ukweli. Nilirudi mjini kifua mbele.

Baada ya mavuno mjukuu wa kike wa Babu akaposwa. Washenga wakaja. Wakamfuata Njiku kwanza. Mjukuu wa Ntandu, damu ya Ntandu, wakamwuliza Njiku, kwa sababu Njiku ndiye aliyeanzwa. Babu wakamwekea kiti pembeni karibu na wapiga picha. Nyama ikaanza kwa Njiku. Watoto wakikimbilia kusalimia, wanakwenda kwa Njiku, halafu kwa Babu. Na Njiku, nimsifu marehemu, alikuwa anaona haya, lakini mila ikishakaa haiondoki kwa haya.

Babu akaja tena kibandani. Hakukaa kwenye kiti.

"Umeniibia uzee wangu," akasema.

Damu ikanipanda. "Babu! Si wewe uliyeniomba? Uliniomba rangi, uliniomba kwa macho, mbele ya watu wote!"

"Niliomba kwa woga. Mtu akiomba kwa woga hapewi." Akashika kitasa cha mlango. "Nilitaka kuogopa nikiwa kwenye kiti changu. Sasa naogopa nikiwa kwenye kiti cha pembeni. Umenisaidia nini?"

Akaondoka. Hakupokea simu yangu tena mwaka mzima na zaidi. Nilimpelekea sukari kwa konda wa basi, ikarudi na konda yuleyule.

Na kazi ikaanza kunishinda. Akikaa mzee kwenye kiti changu, nikivuta ngozi, nasikia ile mishipa, nasimama. Nahesabu. Huyu wa ngapi kwao? Nyuma yake nani? Siku moja nilimwacha mzee wa watu na nusu kichwa, nikatoka nje nikakaa kwenye tofali. Mteja mwingine ndiye aliyemmalizia. Nikauza mashine. Sasa hivi nakamua alizeti kwenye kiwanda kidogo cha mtu, hakuna kichwa pale, ni magunia.

Kila simu ya namba ya Issuna ilipoita nilijua ni Njiku. Mwaka na miezi kadhaa nilisubiri hivyo. Na sasa ni kweli. Njiku ameondoka. Mara ya nne mfululizo. Wamesema ni moyo, alikuwa na presha miaka mingi, daktari alishasema. Nimejiambia hivyo tangu Jumapili, presha, presha. Mkono wangu wa kulia hautaki kusikia.

Jana mchana Babu alinipigia. Mwenyewe. Nilidondosha gunia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umesikia Njiku?"

"Nimesikia, Babu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Alhamisi tunanyoa. Nasikia umeacha kazi."

"Nimeacha."

"Mtu wa umri wako anaacha kazi." Akakohoa, nadhani alicheka. "Nani anakuja?"

"Kuna dogo wa Ikungi."

"Anajua kuvuta ngozi?"

"Nitamwelekeza."

"Mwambie ananianza mimi. Asije akakuiga. Sitatia rangi na sitatazama mtu machoni."

"Babu, unaogopa?"

"Kwani wewe huogopi?" Akakata.

Kwa hiyo dogo, sikiliza vizuri. Maji ya vuguvugu, siyo moto. Wembe mpya kwa kila kichwa, usikubali kuchangia hata kwa ndugu wa tumbo moja. Juu ya sikio la kushoto la Babu Ntandu kuna kovu, ukifika hapo laza wembe, zunguka, usipite moja kwa moja. Gumba livute kuelekea nyuma. Usimwambie "pole", hapendi. Nitakuwepo, nitakaa na wanaume nyuma kabisa, na sitakusogelea.

Watoto wake wa kiume watakuwepo pia, wale wa mjini, wenye hamsini na kitu kwenye makaratasi na sitini kwenye magoti. Mkubwa wao anaitwa Daudi. Atakuwa amekaa mbele, karibu na beseni, kwa sababu anapenda kuonekana. Mara mbili leo nimekuandikia jambo kuhusu Daudi huyo na kigoda, na mara mbili nimelifuta. Babu amesema anataka kiti chake. Nimemsikia kwa masikio yangu. Na mimi namtaka Babu akiwa hai.

Wembe ni wako sasa, siyo wangu. Alhamisi unaanza na nani?